Kafungwa au kafungiwa? Lugha ya adhabu katika mbio za magari

SWALI: Naandika habari za Formula 1 kwa Kiswahili. Rasimu zangu zimejaa sentensi kama "dereva amefungwa mbio moja", "ameongezwa sekunde 5", "amekatwa pointi 2" na "ameondolewa mashindanoni". Mhariri huzirudisha akisema msomaji hatajua kilichotokea. Kosa liko wapi? Pia, niandike sheria za mbio au kanuni za mbio?

JIBU: Makosa mawili ya kwanza ni ya sarufi, mawili ya mwisho ni ya maana. Tuyashike moja moja.

Waamuzi wanapotoa adhabu kuna kitu kinachoguswa, yaani muda, matokeo au nafasi ya kushiriki, na kuna mtu anayeumia kwa kuguswa kwa kitu hicho. Kiswahili hutenganisha viwili hivi kwa kauli ya kutendewa. Sekunde huongezwa, dereva huongezewa. Matokeo hufutwa, dereva hufutiwa. Mlango hufungwa, dereva hufungiwa. Ukiandika "dereva amefungwa", msomaji atadhani yuko jela au ameshindwa, kama timu iliyofungwa mabao. Ndiyo maana dereva Kevin Magnussen alifungiwa mbio za Azerbaijan mwaka 2024, wala hakufungwa. Silabi moja tu, lakini ndiyo inayobeba habari nzima.

Hapo hapo ndipo kosa lako la pointi linapojitokeza. "Amekatwa pointi" ni Kiswahili safi, kama "amekatwa mshahara", ila si kweli. Pointi za adhabu hazitoki kwenye pointi za ubingwa. Zinaongezwa kwenye leseni ya dereva, hukaa miezi 12, na zikifika 12 ndani ya kipindi hicho anafungiwa mbio moja. Magnussen alifikisha 12 baada ya mbio za Italia. Kwa hiyo andika "ameandikiwa pointi 2 za adhabu kwenye leseni". Neno "leseni" usiliache, kwa sababu msomaji akiona "pointi 2" peke yake atakimbilia msimamo wa ubingwa na kuanza kutoa.

"Ameondolewa mashindanoni" ndiyo sentensi inayonisumbua kuliko zote, kwa kuwa inabeba mambo matatu tofauti. Dereva aliyegonga ukuta akashindwa kuendelea hakuondolewa na mtu: ameishia njiani, au ameshindwa kumaliza. (Wengine huandika "amestaafu katika mzunguko wa 20". Kustaafu ni kuacha kazi kwa umri au kwa hiari. Huyu wiki ijayo yuko tena kwenye usukani.) Dereva aliyeonyeshwa bendera nyeusi ametolewa mbioni. Na yule aliyemaliza, gari lake likapimwa na kukutwa na dosari, ameenguliwa kwenye matokeo.

Napenda kitenzi kuengua kwa habari za aina hii ya tatu. Asili yake ni kuondoa kinachoelea juu, kama povu au mafuta, na waliokuwa chini wanapanda. Mbio za Ubelgiji za 2024 zilikuwa hivyo hasa: George Russell alivuka mstari wa kwanza, gari likatolewa mafuta na kupimwa, likakutwa pungufu kwa kilo 1.5 chini ya kilo 798 zilizotakiwa. Akaenguliwa, na Lewis Hamilton akapanda kuwa mshindi. Taja kila mara ameenguliwa kwenye nini. "Ameenguliwa" tupu inaweza kusomeka kuwa ubingwa wake wa msimu mzima umekwisha.

Mfano huo una somo jingine. Usiandike kwamba Russell "alivunja kanuni", maana inamfanya mkosaji wa makusudi. Gari halikukidhi vipimo. Dereva hukiuka kanuni anapomsukuma mwenzake nje ya njia au anapompita mwingine wakati bendera ya njano, yaani ya tahadhari, inapepea. Gari hukidhi au halikidhi.

Adhabu za muda zinataka uangalifu. Mwenye adhabu ya sekunde 5 akiingia piti, yaani eneo la kuhudumia magari kando ya njia, gari husubiri sekunde hizo kabla mafundi hawajaligusa. Asipoingia tena, anaongezewa kwenye muda wake wa mwisho. Kupita njia ya piti bila kusimama ni adhabu nzito zaidi, na kusimama sekunde 10 bila gari kuguswa ni nzito kuliko hiyo. Zikitolewa baada ya mbio kwisha, hizo mbili hugeuzwa kuwa sekunde 20 na 30. Usiziite zote "kusimamishwa". Kitenzi hicho kibakize kwa mbio zenyewe: bendera nyekundu ikipepea, mbio zimesimamishwa na zinaweza kuendelea. Mbio za Imola za 2023, zilizokwamishwa na mafuriko, zilifutwa. Kuahirishwa ni pale tu panapopangwa siku nyingine.

Angalia pia njeo, yaani wakati wa kitenzi. Adhabu ya kurudishwa nyuma nafasi 3 kwenye mpangilio wa kuanza mbio mara nyingi huhusu mbio zinazofuata, kwa hiyo ni "atarudishwa", na utaje mbio zipi.

Sasa sheria au kanuni. Wapenzi wa soka husema "sheria 17 za soka" kwa maana ya mchezo wenyewe popote unapochezwa, na "kanuni za ligi" kwa maana ya masharti ya shindano fulani. Ubingwa wa magari uko upande wa pili: FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, huandika masharti kwa kila ubingwa na huyarekebisha msimu hadi msimu. Andika kanuni, kisha useme ni zipi: za ushindani, za ufundi, au za fedha, ambazo Formula 1 ilianza kuzitumia 2021. Pungufu ya kilo ni suala la ufundi, kumgonga mwenzako ni la ushindani, na kuvuka ukomo wa matumizi ni la fedha.

Mwisho, angalia nani anafanya nini. Mkurugenzi wa mbio hupeleka tukio kwa waamuzi, hamwadhibu dereva. Timu inayolalamikia gari la wapinzani inaweka pingamizi kwa waamuzi hao hao. Isiyokubali uamuzi inakata rufaa ngazi ya juu. Na inayotaka waamuzi walitazame upya jambo walilokwisha kuliamua inaomba mapitio, ambayo hayapokelewi bila ushahidi mpya, mzito, unaohusika, na ambao haukuweza kupatikana wakati wa uamuzi wa kwanza. Ukiandika "wamekata rufaa" kwa yote matatu, msomaji atasubiri mahakama ambayo haijaitwa.