Gari likitoka majini, ufunguo ukae mfukoni

Masika ikishika Dar es Salaam na barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani, najua kesho yake gereji itapokea wageni wa aina gani. Wanakuja wakivutwa kwa kamba, mazulia yananuka tope, na mwenye gari ameshachoka kabla hajasema habari za asubuhi. Wadogo zangu mnaoanza ufundi, magari haya yatawafundisha haraka, na yatawatia hasara haraka vilevile.

Kabla ya kufungua boneti, muulize mwenye gari: lilizima likiwa linatembea kwenye maji, au lilikuwa limeegeshwa maji yakalikuta? Hayo ni magonjwa mawili. Injini iliyovuta maji ikiwa inazunguka huenda imeshajiumiza palepale. Iliyokuwa imezimwa ina maji tu, na kama hakuna aliyeisumbua, mara nyingi inaokoka. Halafu muulize amejaribu kuwasha mara ngapi. Atakwambia mara moja. Wewe andika tano kichwani, uendelee na kazi.

Sababu ya kuuliza hivyo ni hesabu ndogo. Chukua injini ya 1NZ, ile ya Toyota IST tulizojaa nazo mjini: cc 1497, silinda nne, mgandamizo 10.5 kwa 1, yaani pistoni ikipanda inabana hewa mara kumi na nusu. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki kwenye silinda moja ni kama cc 39. Hazifiki vijiko vitatu vya chakula. Hewa inakubali kubanwa humo, maji hayakubali. Yakizidi hapo, pistoni inayapiga kama imepiga jiwe, na kinachopinda ni konrodi, ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki. Kwenye dizeli hali ni ngumu zaidi, maana mgandamizo wake ni mkubwa.

Kwa hiyo ukisikia stata imepiga "ko!" moja ikakwama, usikimbilie kusema betri imekufa. Betri dhaifu kwa kawaida hulia ta-ta-ta-ta huku taa za dashibodi zikififia. Ile "ko!" moja, taa zikiwa bado kali, kwenye gari lililotoka majini, ichukulie ni maji mpaka uhakikishe vingine. Ukileta nyaya za kubusti hapo, unaongeza nguvu ya kupindia chuma. Kusukuma ndiyo balaa kabisa.

Mimi nilisukuma. Nilikuwa bado mwanafunzi, gari lilikuwa la gia za mkono, na sisi vijana wanne tuna haraka ya kwenda kula. Liliwaka. Likawa linatetemeka kidogo, tukasema plagi hizo, mteja akalipa akaondoka. Wiki ya tatu likarudi juu ya bredauni, ubavuni mwa injini kuna tundu la kupitisha ngumi, konrodi imechungulia nje. Mzee aliyekuwa akinifundisha alichangia injini ya mtumba, na posho yangu ikakatwa mpaka Idi.

Sasa kazi yenyewe. Chomoa waya hasi wa betri. Vuta stiki ya oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au oili imepanda kupita alama, maji yameingia. Legeza nati ya kumwagia oili chini taratibu. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili, kama gari limetulia usiku kucha yatatangulia yenyewe kutoka. Gia boksi ya otomatiki nayo ina stiki yake kwenye magari mengi ya aina hii, na wengi wanaisahau. Kisha fungua ea klina. Filta ikiwa kavu na bomba la nyuma yake kavu, shusha pumzi. Likiwa na maji, jua yameshapita.

Toa koili zinazopeleka umeme kwenye plagi, toa plagi zote. Weka spana ya boksi kwenye boliti ya puli ya krenki, zungusha kwa mkono kufuata mshale wa saa, mizunguko miwili kamili, polepole. Hapa mkono wako ndio unaosoma. Ikienda laini huku maji yakitoka kwenye matundu ya plagi, una bahati. Ikikwama hata plagi zikiwa nje, usiongezee bomba kwenye spana! Toa kwanza mkanda wa nje ujaribu tena, kwa sababu altaneta au kompresa ya AC iliyoganda inaweza kukudanganya kwamba injini imekufa. Ikigoma bado, ni kutu au chuma kilichopinda, na hiyo ni kazi ya kufungua injini.

Ikizunguka, pima konrodi kabla hujafurahi. Mimi hutumia spoku ya baiskeli. Naishusha kwenye tundu la plagi mpaka iguse pistoni, nazungusha injini mpaka pistoni ifike juu kabisa, naweka alama ya wino. Silinda ya 1 na ya 4 hupanda pamoja, ya 2 na ya 3 pamoja. Alama zote nne zinapaswa kulingana. Spoku ikizama zaidi kwenye silinda moja kuliko wenzake, hata kwa milimita mbili, konrodi ya hapo imepinda, na mteja aambiwe leo.

Ndipo urudishe betri na kupiga stata, plagi zikiwa bado nje, lakini chomoa soketi za koili na za nozeli zinazopuliza petroli. Hutaki petroli irushwe hewani karibu na cheche. Usiinamie matundu yale, maji yanatoka kwa kishindo. Dondoshea oili kidogo kila silinda, funga, weka oili mpya na filta mpya, washa dakika kumi, mwaga tena. Wateja hulalamikia oili ya pili. Waonyeshe ile ya kwanza kwenye beseni.

Na ikiwa stata haitoi hata "ko!", angalia fyuzi, rilei, na stata yenyewe, maana inakaa chini na hujaa tope. Ikiwa maji yalipanda mpaka kwenye viti, mwite fundi umeme kabla hujarudisha betri, akague kontroli boksi, ile kompyuta ya gari.

Spoku naiweka droo ya juu, pamoja na spana ya plagi. Mkiazima, mrudishe ikiwa imenyooka.