Robo saa inavitosha vidole, masikio je?

Swali lenu la wiki hii, "Mtu mzima mwenye kazi na familia atapata wapi muda wa kurudi kwenye piano ya klasiki aliyoiacha utotoni?", limenigusa penyewe. Ndilo ninaloulizwa na kila anayesikia kwamba nimerudi, na wengi huuliza wakiwa wamekwisha kujijibu kwamba muda hakuna. Mimi nasema muda upo.

Robo saa kabla nyumba haijaamka, au usiku vyombo vikishaoshwa, ni muda wa kutosha ukiupata kila siku. Piano ya umeme yenye vibonyezo vizito, ukivaa vifaa vya masikioni, haimwamshi mtu. Skeli, yaani ngazi za nota, ulizokariri utotoni hurudi upesi kuliko ulivyotarajia. Na mazoezi mafupi ya kila siku huyashinda ya kurundika Jumamosi nzima, kwa kuwa mkono unaendelea kujifunza hata mwenyewe ukiwa usingizini: kilichokugomea jioni mara nyingi hukubali asubuhi.

Kwa hiyo ningependa mngeuliza kinachomvunja moyo anayerudi, kwa maana saa za siku ni zile zile kwa kila mtu. Kinachomvunja moyo ni masikio yake. Aliyeacha kupiga akiwa na miaka 14 hakuacha kusikiliza. Masikio yameendelea kukua, yamewasikia wapigaji mahiri, yanajua sauti nzuri ni ipi. Vidole vimebaki pale alipoviacha. Siku anayokaa tena kwenye piano anajisikiliza kwa masikio ya mtu mzima huku akipiga kwa vidole vya mtoto, na hilo linauma kuliko uchovu wa kazi. Wengi huachia hapo kwa mara ya pili, na hawarudi tena.

Nitaeleza somo moja, mwone ninachomaanisha. Mwalimu wangu ni kijana, nimemzidi miaka mingi, na huniita mama. Alikuwa amenipa Invention ya kwanza ya Bach, mtunzi Mjerumani wa zamani, ile ya ufunguo wa C meja. Invention zake ni vipande vifupi vya sauti mbili, kila mkono na sauti yake. Mnaoifahamu mnajua inavyoanza: do re mi fa re mi do so. Mkono wa kulia unasema hivyo, na mapigo mawili baadaye mkono wa kushoto unasema yale yale oktavu moja chini, nota zile zile kwa sauti nzito zaidi, huku wa kulia ukiendelea na safari yake kwa nota ndefu zaidi. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwa robo saa zangu, nikaipiga hadi mwisho bila kusimama, nota zote zikiwa mahali pake.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mama, naomba turudi mwanzo. Kabla ya do ya kwanza pana nini?"

Nikatazama. Pana alama ya kimya, kifupi sana, robo ya pigo. Wimbo wenyewe unaanza na kimya, nami nilikuwa naingia moja kwa moja. Akanitaka nipige mkono wa kushoto peke yake huku nikiimba sehemu ya kulia. Nikaweza. Akageuza: nipige wa kulia, niimbe wa kushoto. Hapo sauti ikanipotea. Naanza vizuri, do re mi fa, kisha koo langu linaufuata mkono wa kulia bila ridhaa yangu. Tukarudia, nikapotea palepale. Akaniambia niguse tu vibonyezo kwa mkono wa kulia bila kuvibonyeza, ili vidole vitembee lakini kisikike cha kushoto peke yake. Nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia utoto wangu wote: mkono wa kushoto una maneno yake. Nililelewa kuuona kama mtumishi, wa kushikilia besi ili mwenzake apendeze. Huyu alikuwa anajibu, anakatiza, na mbele kidogo anatangulia yeye.

Somo zima likaishia kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa. Hatukuvuka.

Bach aliviandikia vipande hivi dibaji mwaka 1723, akasema ni vya wapenzi wa kinanda, hasa wenye hamu ya kujifunza, wapate kupiga sauti mbili kwa usafi na, zaidi ya yote, wajue kuupa mchezo wao hali ya kuimba. Kabla ya hapo vilikuwa vimeandikwa katika kitabu alichoanza kumwandalia mwanawe mkubwa mwaka 1720, mtoto akiwa na miaka 9. Basi anayerudi asione haya kukwama kwenye muziki wa mtoto. Mtoto yule alikuwa na Bach nyumbani.

Lakini nikilikumbuka somo lile sasa ninapoandika, naona linanipinga. Nusu ya kwanza ya saa ile sikuwa nasikia kitu. Nilikuwa nimetoka kazini, kichwa bado kimejaa barua na simu, vidole vinapiga na mimi sipo. Kimya kile cha mwanzo nilikielewa muda ulipokuwa umekwenda sana. Ingekuwa ni robo saa, ningefunga kifuniko nikiamini kwamba naijua Invention ya kwanza. Na kwa robo saa zangu zote za nyumbani ndivyo nilivyokuwa nikiamini.

Kwa hiyo jibu langu limebadilika. Robo saa inavitosha vidole, na bado naitetea kwa skeli na kwa kushikilia ulichokwisha kujifunza. Masikio yanataka kikao kirefu, saa moja na ushee, walau mara moja kwa wiki, simu ikiwa chumba kingine. Asiyeweza kabisa kukipata kikao hicho, ningemshauri asubiri. Asikilize muziki akiwa na ukurasa wa nota mbele yake, aufuate kwa macho, arudi mambo yakilegea. Kurudi kwa robo saa tupu kunamweka kwenye lile pengo nililolitaja bila kumpa njia ya kulivuka.

Hili halimhusu anayepiga ili apumzike tu. Huyo apige anavyotaka. Wala simsemei mzazi mwenye mtoto mchanga, ambaye hata robo saa kwake ni neema. Na pengine mwenye mwalimu mvumilivu anaweza kulivuka pengo kwa vikao vifupi kuliko nilivyoweza mimi. Kama mmoja wenu amefanya hivyo, aandike atueleze alianza na kipande gani na alikaa nacho muda gani. Mimi nimehamia Invention ya nne, ya D maina, na mkono wa kulia bado unautawala wa kushoto.