Kanuni iliyomhesabu asiyepiga kura kuwa amekataa chama

Ndugu, umeuliza kwa nini Warepublican wa Marekani walipinga vikali kanuni ya mwaka 2010 ya kura za kuamua kama wafanyakazi wa ndege na reli wawe na chama cha kuwatetea, ilhali ilisema tu kwamba wengi wa waliopiga kura ndio wataamua. Miaka hiyo nilikuwa mpakia mizigo katika shirika moja la ndege huko, na kanuni ya zamani niliipitia mwenyewe.

Kwa miaka ipatayo 75, chama kilitakiwa kupata kura za zaidi ya nusu ya wafanyakazi wote wa kada husika. Aliyeugua, aliyesahau, aliyehama barua isimfikie, wote walihesabiwa kuwa wamekataa. Ilipofika bahasha yenye namba ya siri ya kupigia kura kwa simu, wasimamizi walikuja chumba cha mapumziko kutuhimiza tuichane. Mama mmoja wa zamu yetu, aliyekuwa na kazi mbili, aliisahau yake ndani ya mkoba hadi muda ukapita. Alikitaka chama kile, akahesabiwa pamoja na waliokikataa, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Bodi ya Taifa ya Usuluhishi, yenye wajumbe 3 na inayosimamia kura hizo, ilipitisha mabadiliko ya 2010 kwa kura 2 dhidi ya 1, mwenyekiti mwenyewe akipinga. Wapinzani walisema kwamba mgomo wa usafiri huumiza nchi nzima, hivyo chama kiwe na wengi wa kweli nyuma yake, na kwamba kukiondoa chama ni kugumu kuliko kukiingiza. Hoja hiyo ya pili ilikuwa na uzito, lakini dawa yake ilikuwa kurahisisha kukiondoa, si kumsemea aliyenyamaza.

Seneta Johnny Isakson wa Georgia, Mrepublican, alitaka kanuni ifutwe. Seneti ikamkatalia kwa kura 56 dhidi ya 43. Mwaka 2011 Baraza la Wawakilishi likaipachika hoja hiyo kwenye muswada wa mamlaka ya usafiri wa anga, na katika mvutano huo, uliohusu pia ruzuku za viwanja vidogo vya ndege, watumishi wa mamlaka hiyo wapatao 4,000 walirudishwa nyumbani bila mshahara kwa karibu wiki mbili. Mwafaka wa 2012 uliibakiza kanuni mpya, ila chama sasa lazima kikusanye saini za nusu ya wafanyakazi, badala ya asilimia 35, ndipo kura iitishwe. Yule mama, asipofikiwa na karatasi ya saini, bado anahesabiwa upande wa pili.