Tunavyojiona na Jinsi Marafiki Wanavyotuona

Kwa miaka mingi nilijihesabu miongoni mwa watu waoga. Kila palipotokea mzozo kazini, moyo ulinienda mbio, viganja vikalowa jasho, nami nikaishika kalamu chini ya meza ili mikono isionekane ikitetemeka. Kumbe rafiki yangu mmoja, aliyekuwa akiketi upande wa pili wa meza ileile, aliniona mtu asiyetetereka, anayesikiliza hadi mwisho kisha akazungumza taratibu, na aliponieleza hayo nilidhani ananifariji tu.

Leo naamini sote wawili tulisema kweli. Mimi nilisikia hofu iliyokuwa ndani, yeye aliona tendo. Mwanasaikolojia Simine Vazire, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2010, alionyesha kwamba mtu hujijua vizuri zaidi kuliko rafiki zake katika mambo ya ndani kama wasiwasi, lakini rafiki humshinda katika sifa ambazo nafsi huona vigumu kuzipima bila upendeleo, kama vile akili na ubunifu. Hata sura zetu zina hali hiyo: mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani waliwaonyesha watu picha zao za kawaida na nyingine zilizogeuzwa kama kwenye kioo. Wenyewe walielekea kupenda zile za kioo, marafiki wakapenda za kawaida, kila upande ukichagua sura uliyoizoea.

Methali ya nyani haoni kundule hutumiwa kuwasuta watu kwa aibu wasizoziona, ilhali mazuri yetu nayo hutupita vivyo hivyo, na kwa maoni yangu hasara ya kutoyajua ni kubwa kuliko tunavyofikiri, kwa kuwa mtu aliyekwisha kujihukumu kuwa mwoga hukataa majukumu ambayo wenzake wangempa bila kusita.

Ukitaka kujua unavyoonekana, usimuulize rafiki, "Mimi ni mtu wa namna gani?" Swali hilo humlazimisha kukupamba. Muulize juu ya tukio mlilolishuhudia pamoja: "Siku ile nilipokatizwa maneno, nilifanya nini?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, maana ulimi huwashwa kujitetea kabla hajamaliza sentensi ya pili, na akishaona unajitetea atalainisha yaliyobaki. Waulize pia marafiki wasiofahamiana, kwa sababu aliyekua nawe na anayefanya kazi nawe hawakujui kwa upande mmoja.

Hata hivyo, si kila unaloambiwa ulibebe. Rafiki huona tendo, lakini sababu yake huikisia. Mwenzangu mmoja aliwahi kuamini kwamba nimemchoka kwa kuwa sikumpigia simu kwa muda mrefu, wakati nilikuwa nauguza mzazi na sikuwa na nguvu ya kuzungumza na yeyote. Ukimya wangu aliuona sawasawa. Sababu hakuwa na njia ya kuijua mpaka nilipomweleza, na tangu hapo, nikielemewa, humwandikia japo mstari mmoja kumjulisha.

Ukiambiwa neno linalochoma, omba mfano. Asipokuwa nao, usilale nalo. Akikupa mifano miwili au mitatu, na mwingine asiyemjua akakutajia jambo lilelile, basi lichukue kwa uzito, hata kama moyoni unajiona tofauti kabisa.