Kabla hujaandika *1

Kwa mnaoanza kuhakiki makala za farmakojenomiki (jinsi jeni zinavyobadili mwitikio wa mtu kwa dawa) hapa Bukavu, na kunakili matokeo kwenye jedwali la Excel: msianze na muhtasari wa makala. Pakueni kwanza makala yenyewe na majedwali ya nyongeza, umeme ungali upo, kisha fungueni sehemu ya mbinu. Humo ndimo yalimo mabadiliko ya jeni yaliyopimwa kweli.

Matoleo ya jeni huitwa kwa nyota na namba, na *1 ndilo la kawaida. Lakini *1 haipimwi. Ni jina tunaloipa nakala ya jeni ambayo kipimo hakikuona badiliko ndani yake. Chukua jeni ya CYP2C9 na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Vipimo vingi hutafuta *2 na *3, ambazo ni za kawaida kwa watu wa Ulaya. Kwa Waafrika kuna *5, *6, *8 na *11. Mgonjwa mwenye *8, inayovunja dawa polepole, akipimwa kwa kipimo hicho, karatasi itasoma *1/*1, na dozi ya kawaida huenda ikamzidi. Kwa hiyo andika kando ya *1: "zilitafutwa *2 na *3 tu". Namba ya rs (inayotaja mahali pa badiliko kwenye jenomu) nayo haitoshi: rs7900194 yenye A ni *8, yenye T ni *27.

Kosa la namna hiyo liko pia kwenye jeni ya CYP2B6 na efavirenzi, dawa ya VVU. *6 inataka mabadiliko mawili pamoja (herufi G kuwa T, na A kuwa G), 516G>T na 785A>G. 516G>T bila la pili ni *9. Makala nyingi hupima 516 peke yake na kuandika *6. Wewe andika rs3745274, aleli (yaani herufi iliyopatikana) T, basi. Usiwasaidie waandishi kusema wasichopima.

Uzi wa DNA ndio unaowaangusha wengi. DNA ina nyuzi mbili, A ikikabili T na C ikikabili G. Jeni ya G6PD, ambayo lazima uikute ukisoma habari za primakwini na malaria, imeandikwa kwenye uzi wa kinyume. Badiliko la 202G>A (rs1050828) kwenye ramani ya jenomu ni C>T. Jedwali moja likisema A na lingine T, huenda yanasema kitu kimoja. Mahali pagumu ni pale herufi mbili zinapokuwa A na T, au C na G: hapo kugeuza uzi hakuonekani kwa macho, na usipopata uzi uliotumika, acha safu wazi. G6PD iko kwenye kromosomu X, ambayo mwanaume anayo moja tu, basi mwanaume aliyeandikwa C/T ni alama ya hatari. Mara nyingi sampuli zimechanganyika au jinsia imeandikwa vibaya.

Ukifika kwenye matokeo, nakili nani amelinganishwa na nani: AA dhidi ya GG, au dhidi ya AG na GG pamoja? Ukigeuza pande, uwiano wa 2 unakuwa 0,5 na maana inapinduka. Dozi ya warfarini angalia kama ni ya siku au ya juma. Matokeo yasiyo na tofauti yaingize pia. Neno "Waafrika" lisikudanganye: wagonjwa wa Kivu na Wamarekani weusi hawaingii kundi moja.

Na hiyo Excel yenu ya Kifaransa inangoja mkato, si nukta, kwenye desimali. Ukibandika 1.85 kutoka makala ya Kiingereza, hubaki maandishi na hesabu haiendi. Weka safu zote ziwe maandishi kwanza, hifadhi nakala ghafi, halafu ubadilishe nukta kwenye nakala ya pili.