Maswali na majibu: Kuimba herufi si kusoma

Wiki hii nimechukua maswali saba kuhusu watoto wanaoanza kusoma nyumbani. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Mwanangu ana miaka sita. Anaimba a, be, che, de mpaka mwisho bila kukosea, lakini nikimwandikia "baba" ananitazama tu. Nikazanie wapi? (Mama wa mapacha, Tanga)

Swali hili huja kila mara kwa mwandiko mwingine, na jibu langu halijabadilika: acha kumwimbisha. Jina la herufi halisomi neno. Mtoto akiunganisha "be" na "a" anapata "bea". Aliyezoeshwa "bii, ei, bii, ei" kwenye chekechea ya Kiingereza yuko mbali zaidi na baba yake. Kinachosoma ni sauti, na mtaala wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 uliliweka hilo mbele. Nyumbani bado tunaimba.

Anza na irabu tano. Kila moja ina sauti ileile, iwe mwanzoni mwa neno au mwishoni, na lugha chache zinamrahisishia mtoto kiasi hicho. Kisha leta konsonanti inayovutika mdomoni: m, s, l, n. Unavuta mmmm mpaka inakutana na aaaa, na mtoto anasikia zinavyoshikana. B, k na t hazivutiki. Ukitaka kuzitamka peke yake utajikuta umezitilia irabu, kwa hiyo hizo mpe zikiwa tayari ndani ya silabi.

Sasa vizibo. Omba vizibo vya soda dukani, pigapiga kingo kwa nyundo zisimkate, andika silabi kwa maka peni: viwili vya ba, viwili vya bi, viwili vya bu. Apange baba, bibi, babu, bubu. Akishika hizo ongeza ta na ka, zipatikane bata, taka, kata, kaka. Usiseme wewe neno kwanza. Mwache apange, aguse kila kizibo kwa kidole, aseme, ndipo uitikie. Dakika kumi kila siku zinatosha. Saa nzima ya Jumamosi pamoja na kumzaba makofi itamfanya akimbie kila akiona kizibo.

Naweza kununua wapi chati nzuri ya herufi yenye picha? (Baba, Dodoma)

Usinunue. Kata boksi la biskuti, uandike herufi mwenyewe. Tena chati nyingi humfundisha mtoto kusoma picha: anaona embe, anasema "embe", nawe unafurahi kwamba ameijua e.

Darasa langu linasoma ukurasa mzima kwa sauti moja, safi kabisa. Mgeni aliyekuja kutukagua akasema watoto hawajui kusoma. Nimeumia. (Mwalimu wa darasa la kwanza, Kahama)

Pole, mwalimu mwenzangu. Niliumia hivyohivyo mwaka wangu wa pili kazini. Watoto wangu waliusoma ukurasa wa kwanza wa kitabu kama maji yanavyoteremka. Siku moja nikafunika mistari yote kwa kiganja nikaacha neno moja la katikati. Kimya. Mtoto mmoja akaanza kuusema ukurasa kutoka juu, polepole, ili afike kwenye lile neno. Hapo nilijua kwamba kwa miezi minne nilikuwa nimefundisha wimbo.

Fanya hivi kesho. Andika ubaoni maneno yasiyo na maana: meku, tifo, lubi. Hayakaririki, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyasikia. Muite mtoto mmojammoja, si darasa zima, kwa maana sauti ya wengi huwaficha wasiojua, na wanaofichika ni walewale kila siku. Anayesoma "tifo" anasoma. Asiyeweza, mrudishe kwenye silabi bila kumwaibisha mbele ya wenzake. Najua una watoto wengi kuliko madawati. Waite watano kwa siku, wengine wakiandika mchangani.

Mjukuu wangu anasema na kuandika "karamu" badala ya "kalamu". Mama yake anamchapa. (Babu, Magu)

Mwambie mama aweke fimbo chini leo hii. Lugha zetu nyingi za Kibantu hazitenganishi l na r, na mtoto huandika anachokisikia. Hajakosea kusoma, sikio lake halijaitenga tofauti. Cheza naye kwa mdomo kabla ya kalamu: kula na kura, mahali na mahari, kalamu na karamu. Wewe taja neno, yeye aonyeshe kitendo au kitu. Ataanza kusikia kabla hajaweza kutamka, nawe uridhike na hilo kwa muda.

Na kama mtoto yeyote anachanganya sauti nyingi, anasema "Nini?" kila ukimwita, au sikio linatoa usaha, mpeleke kituo cha afya. Nimeona watoto walioitwa wazito wa akili kumbe hawasikii.

Anageuza b na d. (Wengi)

Kwa mtoto wa miaka mitano au sita ni jambo la kawaida. Kosa ni kuzifundisha zote mbili ndani ya wiki ileile. Ikae b mpaka aizoee kabisa, aichore mchangani kwa kidole huku akitamka, ndipo d iingie.

Tunapiga makofi kwa silabi. Kwa nini "mtoto" yanatoka matatu na "mbuzi" mawili? (Dada wa chekechea, Morogoro)

Kwa sababu m ya mtoto inasimama yenyewe: m-to-to. Ya mbuzi imeshikana na b: mbu-zi. Lakini maneno mafupi kama mbwa, nchi na nne yana makofi mawili: m-bwa, n-chi, n-ne. Usimpe mtoto kanuni hiyo. Makofi yenyewe yatamwonyesha.

Wangu ana miaka mitatu, nimwanzishie kusoma? Na kwa kuhesabia silabi nitumie maharage au kokoto? (Mama, Temeke)

Miaka mitatu mwimbie, mtegee vitendawili, msimulie hadithi za sungura na fisi. Herufi zitamkuta. Maharage yaweke mbali naye: likiingia puani linafyonza unyevu na kuvimba, na kulitoa ni kazi ya daktari. Kokoto ndogo pia usimpe. Tumia vijiti virefu au mabunzi ya mahindi, na usimwache navyo peke yake.