Atazame saa kwanza

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Mwenye hela ya gari moja tu la mkononi, la kwendea kazini kila siku, atazame nini kwanza?" Wengi watawatajia aina ya gari. Mimi nasema atazame saa. Aende alfajiri, injini ikiwa bado baridi.

Somo hilo nimelilipia. Mwaka 2019 nilinunua gari kwenye yadi, saa nane mchana. Dalali alikuwa ameshaliwasha kabla sijafika, linanguruma taratibu kabisa, nikatoa pesa. Kesho yake nyumbani Kibaha nilipopiga stata, injini iligonga kama kopo lenye kokoto, bomba likatoa moshi wa bluu. Oili iliyovuja usiku kupitia sili za valvu, vile vipira vinavyozuia oili isiingie kwenye silinda, huungua pale unapowasha, na taiming cheni (mnyororo unaoendesha valvu) iliyolegea hupiga kelele mpaka presha ya oili ipande. Injini ikishapata moto, yote hayo yananyamaza.

Sasa ndugu au jirani akiniita kumtazamia gari, kwanza naweka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, tunarudi siku nyingine. Likiwa baridi, nafungua kifuniko cha oili na kukigeuza. Utando wa rangi ya chai ya maziwa unaweza kuwa dalili kwamba maji yanaingia kwenye oili, na hapo huwa nashuku gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku. Kisha tunaliwasha, tunaliacha lingurume pale pale bila kukanyaga mafuta, kama dakika 20, mpaka feni ya rejeta ijiwashe yenyewe, ndipo tunafungua AC. Mimi naenda Kariakoo na kurudi, karibu kilomita 80 kwa siku, na foleni ya Ubungo haina huruma na gari linalochemsha.

Kilomita za dashibodi siziamini peke yake. Dashibodi ikisema 60,000 na mpira wa pedali ya breki umelika hadi chuma, nashuku kuna mtu amezirudisha nyuma. Namba ya chasisi nayo isomwe kwenye gari lenyewe, ilinganishwe na kadi, tarakimu kwa tarakimu.

Mkinibana nitaje aina, nitasema Toyota IST ile ya kwanza, ya 2002 hadi 2007. Gia boksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia nne, si CVT (otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua), spea zake zimejaa madukani, na mafundi wameizoea. Ila nimeshaikataa IST moja Mlandizi iliyokuwa inang'aa. Ukiweka gia kwenye D, ya kwenda mbele, unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo inashtuka na kusogea; hapo nikashuku gia boksi imechoka. Mwenye gari akasema ni baridi ya asubuhi. Jirani yangu alikuwa ameipenda mno, alizunguka mara mbili akiigusagusa. Tulirudi Kibaha kwa daladala, pesa yake bado iko mfukoni.